Ng'ambo Ipi?

Taru, 9 Februari 2025

Ndugu yangu Tembo,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima, mbuzi wazima, na jua pia ni zima sana, lipo kazini tangu Novemba bila likizo. Barua yako ya Krismasi niliipata, na leso za mama yako nilimkabidhi mkononi. Alizikunjua, akazinusa, akazinusa tena, akasema, "Mwanangu ni mzima." Nikamwuliza amejuaje kwa pua. Akaniambia nikachunge mbuzi.

Nimefurahi pia kuona kwamba Italia bado mnatumia stempu za Kenya. Najua, uliwahi kunieleza: tajiri wako akija kwenye nyumba yake ya Ukunda hubeba barua zako mzigoni, akazitia posta huko, na za kwangu huzikuta katika sanduku lake akakuletea. Huyo ni mtu mwenye moyo. Mimi mwenyewe sijawahi kumbebea mtu barua hata hadi Mariakani.

Hapa Taru wewe bado ni habari. Unaikumbuka barua yako ya kwanza? "Nimevuka, niko ng'ambo, nampikia Mwitaliano, nyumba iko ufuoni na jua ni kali." Mama yako aliipeleka kanisani isomwe. Mwalimu Chengo akafungua atlasi, akatafuta ng'ambo yenye Waitaliano na ufuo na jua, akaweka kidole upande wa chini wa Italia. Tangu siku hiyo umeishi chini ya kidole cha Mwalimu Chengo. Kisha ukaandika kwamba umeoa, na mke anaitwa Beryl. Hata waliokuwa na shaka wakanyamaza. Mtu anayeitwa Beryl atakuwa nani kama si Mzungu?

Mwaka juzi kamati ya kanisa ilikutangaza mgeni wa heshima kutoka Italia. Ukajibu kwamba marubani wamegoma. Tukakuombea wewe, tukawaombea na marubani.

Sasa nisikilize, hili si la mzaha. Macho ya mama yanakwenda. La kushoto limefunga. La kulia linaona vivuli tu. Mimi hunijua kwa kikohozi. Madaktari wa macho walipita hapa, wakasema ni mtoto wa jicho, hutolewa, lakini si jambo la kucheleweshwa. Amekataa. Anasema kisu kinaweza kuchukua hata kile kivuli kilichobaki, na kivuli hicho amekuwekea wewe. Akuone kwanza, hata kwa ukungu, ndipo wamkate.

Kwa kuwa wewe huji, nimeamua kuja mimi. Kumtembelea rafiki si kosa. Nielekeze njia.

Wako,
Ngala


Ng'ambo, 23 Februari 2025

Ndugu yangu Ngala,

Asante kwa barua na kwa kumtazama mama. Habari ya macho imenikaa hapa kifuani, hata chumvi naitia mara mbili kwenye chakula cha watu.

Mwambie akubali kisu. Mwambie mimi ndiye niliyesema. Mwambie nitakuja mara tu nikipata nafasi, mwaka huu, au mwaka ujao mapema.

Lakini wewe usije. Si kwamba sikutaki, Mungu ananiona. Ni mambo ya viza. Wanataka picha, wanataka alama za vidole, wanataka kujua babu yako alizikwa wapi. Halafu kuna baridi siku hizi, wewe na kifua chako hutaiweza. Mimi mwenyewe nimezoea tu.

Samahani kwa ukurasa kuchafuka. Kima aliingia jikoni akabeba mkate, nikamfukuza na kalamu mkononi.

Beryl anakusalimu. Nisalimie mama, umwambie leso nyingine zinakuja.

Ndugu yako,
Tembo


Taru, 8 Machi 2025

Tembo,

Barua yako nilimsomea mama yako, nikaruka pale pa kima, maana Mwalimu Chengo alikuwa amekaa karibu. Baadaye nilimwuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza tu, iwapo Italia kuna kima. Akasema hakuna. Nikamwambia basi huenda ni wahamiaji.

Sitakuuliza habari ya kima. Sikuwahi kukuuliza pia kwa nini uliacha kupiga simu. Nilidhani ni gharama. Ingawa mara ya mwisho tulipozungumza, nyuma yako kulikuwa na kijana akiita abiria wa Msambweni, hii hii ya pwani yetu, nikajiambia dunia imekuwa ndogo. Kisha mbuzi akakanyaga simu yangu na mambo yakaishia hapo.

Ninachokuuliza ni mama. Wiki hii alimimina uji pembeni ya kikombe, akasema kikombe kimehama. Juzi alishika kuni upande wa moto. Hakulia, alisema tu, "Ala, kumbe ni huku." Nimemwambia Tembo amesema ukubali kisu. Akajibu: "Aje aseme hapa, nimwone mdomo ukisema."

Hospitali yenyewe, wanasema, iko ng'ambo ya feri. Hebu litazame neno hilo.

Nitakuja, ndugu yangu. Habari za viza niachie mimi. Na sitakuja peke yangu.

Ngala


Ukunda, 17 Machi 2025

Shemeji Ngala,

Vipi huko? Mimi ni Beryl, wa Tembo. Samahani, mambo ya barua siyajui, mimi ni mtu wa simu, lakini Tembo amekataa kunipa namba yako ati simu yako ilikanyagwa na mbuzi. Nikasema huyu ananibeba ufala, sasa mbuzi na simu wapi na wapi, kumbe hata wewe umeandika hivyo.

Barua zenu huwa nazichukua mimi posta nikienda kufungua saluni. Hii ya juzi nimeifungua. Unihukumu tu, ni sawa. Nimeisoma mara mbili na bado sijashika. Viza ya nini, shemeji? Kutoka Taru mkipanda basi asubuhi, mkavuka feri, mchana mko kwangu Ukunda mnakula samaki. Kima ni wa kawaida hapa Diani, hata jana mmoja amekaa juu ya drayer yangu ya nywele kama mteja. Na huyo Mwitaliano aliuza nyumba akaenda zake zamani, akatuachia sanduku la posta. Tembo sasa anapika katika hoteli ndogo kwenye barabara ya ufuoni. Anapendwa sana. Italia hajawahi kufika, hata pasipoti hana.

Sasa nikuulize kitu kimoja na unijibu wazi. Mbona mama hajawahi kuja? Tuna msichana, ako na miaka minne, anaitwa Mbodze, ni jina la shosho yake, huyo mama wa Tembo. Kila siku anauliza shosho ako wapi. Kila mwaka namwambia Tembo twende Taru, anasema mwaka ujao. Niliamini ni mimi. Niliamini mmesikia ni Mjaluo, mkasema hatumtaki huyo. Hata nimejifunza Kiduruma chenu kidogo, nikaacha, nikasema cha nini.

Kama shida ni mimi niambie. Nitalia nimalize. Lakini mama mgonjwa asikae huko akiungua mkono kwa sababu yangu.

Ni mimi,
Beryl


Taru, 24 Machi 2025

Shemeji Beryl,

Salaam. Barua yako nimeisomea zizini, nikacheka hadi mbuzi wakasimama. Kisha nikafika pale pa "niliamini ni mimi", nikaacha kucheka.

Hujakataliwa, shemeji. Umepakwa rangi tu. Taru nzima inajua kwamba Tembo ameoa Mzungu wa Kiitaliano anayeitwa Beryl. Wanawake wa kanisa wamekuombea uzoee ugali.

Chanzo ni neno moja. Mtu wa Mombasa akivuka feri ya Likoni kuja kwenu husema amekwenda ng'ambo, na ni kweli, si amevuka maji? Sisi huku kwenye ukame maji ya kuvuka hatuna. Ng'ambo yetu ni kule zinakokwenda ndege. Mume wako aliandika neno sahihi likasomwa na watu wasio sahihi. Kufikia siku alipogundua, lilikuwa limeshaota mizizi, limeshatangazwa kanisani, na mama yake anapewa kiti cha mbele kwa ajili yake. Ungekuwa wewe ungeanzia wapi kulishusha? Aliogopa kuonekana mwongo, akaona afadhali asionekane kabisa. Na kinachonichekesha kuliko vyote, hatujatoka hata nje ya kaunti moja. Gavana wetu ni huyo huyo. Yeye huenda Italia na kurudi siku moja.

Mimi nilijua zamani. Mtu anayeuza mbuzi kando ya barabara kuu hujifunza kusoma kila kitu: pembe, meno, stempu. Nilinyamaza kwa ajili ya mama yake. Nilidhani akijua, atazama kwa huzuni.

Sasa sikiliza. Nitamleta Jumamosi ya tarehe 12 Aprili. Usimwambie Tembo, atapanda mnazi asishuke. Mwambie unatarajia wageni wa kwenu. Mama mwenyewe nitamweleza njiani. Nitamweleza nini sijui, lakini njia ni ndefu.

Na hicho Kiduruma chako, kiokote tena.

Shemeji yako,
Ngala


Ng'ambo, 12 Aprili 2025

Ndugu yangu Ngala,

Leo nipo nyumbani, hoteli imenipa mapumziko. Beryl anapika kama mtu anayetarajia kijiji, anasema ni wageni wa kwao. Nimejitenga kibarazani niandike, maana tangu ile barua yako ya Machi sijapata usingizi wa kushiba.

Uliniambia nilitazame neno. Nimelitazama. Ngala, kuna jambo nimetaka kukuambia tangu mwaka ule wa kwanza, na kila nikianza naona mama amekaa kile kiti cha mbele, nami ndiye wa kumwinua. Mara mbili nilipanda basi. Ya pili nilifika hadi Mariakani. Nilikuwa na gunia la nazi na kuku wawili. Nikajiuliza, mtu wa ng'ambo anashukaje Taru na gunia la nazi? Nikashuka pale pale, kuku nikampa mama mmoja aliyeuza chai, nikarudi. Aliniuliza kuku wana ugonjwa gani.

Sasa nasikia mama ameshika moto kwa mkono. Siwezi tena. Nataka ujue kutoka kwangu, wala usisikie kwa mtu, kwamba mimi siko

Beryl ananiita, wageni wamefika mlangoni. Nitamalizia jioni.

(Jioni.) Sina la kumalizia. Nakutilia mfukoni mwa koti lako hivi ilivyo, uisome ukifika Taru, maana wageni wenyewe mlikuwa nyinyi.

Tembo


Taru, 17 Aprili 2025

Tembo,

Barua yako isiyokwisha nimeisoma, na ndiyo bora kuliko zote. Huyo mama wa chai wa Mariakani namfahamu. Anasema kuku walikuwa wazuri.

Pale kwenu uliniuliza mara ngapi sijui nilimwambia nini mama njiani, nikashindwa kukujibu yeye akiwa amekaa hapo anakupapasa masikio. Sasa nakwambia.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Kuna sehemu ya Mungu anavyosamehe, kuna sehemu ya maana za maneno. Alfajiri nikamchukua nyumbani kwake, nikamketisha pale basi linaposimama, nikasema, "Mama, shikamoo tena. Leo tunakwenda ng'ambo kumwona Tembo." Nikavuta pumzi nianze.

Akaniuliza, "Feri bado ni bure kwa waendao kwa miguu?"

Hotuba ikanitoka kichwani yote. Nikamwuliza, "Mama, kwani unajua?" Akasema, "Leso zinanuka moshi wa makumbi. Nilipokuwa msichana tulipeleka mbuzi Ukunda na marehemu baba yangu, tukalala kwa watu wa huko. Kule hupikia makumbi ya nazi, nguo zote zinanuka hivyo. Mwitaliano anapikia makumbi?"

Nikamwuliza mbona hakusema miaka yote hii. Akasema: "Ulipokuwa mdogo hukucheza kujificha? Mtoto amejificha nyuma ya mlango, miguu yake inaonekana, unapita unasema, 'Jamani, Tembo yuko wapi?' Huwezi kumharibia. Nilingoja achoke atoke mwenyewe. Ningengoja zaidi, lakini haya macho ndiyo hayangoji." Basi lilikuwa linakuja, nikamshika mkono kumpandisha. Ndipo akaongeza, "Na kiti cha mbele sikukipenda. Spika iko sikioni."

"Na mimi je," nikasema, "mbona ulinificha hata mimi?"

"Ulikuwa unafurahia kusoma zile barua," akasema. "Ulikuwa unabadilisha na sauti."

Kwa hiyo hebu tupange vizuri. Mimi nilimficha mama. Mama alinificha mimi. Sote wawili tulikuwa tunajua uko Ukunda. Aliyebaki Italia ulikuwa wewe peke yako.

Kuhusu Taru, usiwaze. Nilishuka basi kesho yake jioni nikakuta watu wananisubiri, Mwalimu Chengo mbele. "Ehe, Ulaya kukoje?" Nikajibu ukweli mtupu. Tumevuka maji kwa chombo kikubwa cha chuma, wala hatukulipa. Wazungu wamejaa ufuoni, nguo wamezisahau mahali. Jua ni kali. Kima wapo.

"Kima?" akasema Mwalimu.

"Kima."

Akafikiri. Unajua anavyofikiri, midomo inatangulia. "Ngala," akasema, "hiyo ng'ambo ni ipi?"

"Ya Likoni, mwalimu."

Nikajiandaa kukutetea. Kwanza akacheka mama mwenye kibanda cha mihogo. Halafu wengine. Mwalimu ndiye aliyecheka mwisho, lakini alicheka zaidi, akashika nguzo, akasema, "Na mimi na atlasi yangu!" Kila akinyamaza anakitazama kile kidole chake na kuanza upya. Hakuna aliyekuita mwongo. Swali la kwanza lililoulizwa, nakuandikia kama lilivyosemwa, ni hili: "Kwa hiyo tunaweza kwenda kumtembelea?" Kwaya nzima inataka kuiona bahari. Wa kibanda cha mihogo ameshauliza Beryl ana mikeka mingapi. Taru uliyoikimbia sasa inakufuata, ndugu yangu, na imebeba mihogo.

Lakini hayo ni ya baadaye. Nilipowaacha mlikuwa mnangoja siku ya kisu. Mama alikubali, alisema mdomo wako ameuona, una kivuli kizuri. Tangu hapo sili vizuri. Mbuzi nawahesabu vibaya. Nilimtoa nyumbani akiwa na kivuli kimoja cha akiba, na mimi ndiye niliyemwambia akitumie. Niandikie upesi, liwe jema au liwe nini.

Ngala


Ukunda, 26 Aprili 2025

Ndugu yangu Ngala,

Kula. Anaona.

Ningeweza kuishia hapo, lakini najua utaniandikia kudai yaliyobaki.

Baada ya kisu walimfunga bendeji jicho la kulia, tukalala naye hapa nyumbani, nikamrudisha hospitali kesho yake. Njia nzima alinishikilia mkono. Mbodze mdogo ndiye aliyesema kwa niaba ya wote. Nilikuwa nikiwaza kwamba nimekaa mbali naye miaka yote hii kwa umbali wa basi na feri ya bure, na kama jicho litakuwa limezima, basi nilichompa mwisho cha kuona ni kivuli changu.

Nesi akafungua. Mama akalibana jicho, hataki kulifungua. Nesi anasema, "Fungua, bibi." Akanyoosha mkono akanivuta shati, akaninusa begani.

"Makumbi," akasema.

Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Makumbi."

Ndipo akafumbua.

Alinitazama sana. Akasema, "Umezeeka. Nilikuwa nimekuweka kijana." Kisha akamtazama mtoto, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama unavyogeuza mbuzi sokoni, akasema, "Hili paji ni langu, nani amempa?" Beryl alikuwa amesimama nyuma mlangoni, mikono kifuani, amevaa zile nguo zake za kanisani. Mama akamwita. Akamkagua kuanzia kilemba hadi viatu. Beryl akajaribu kumwamkia kwa Kiduruma, akakosea, nadhani alimtakia mavuno mema.

Mama akasema, "Mwalimu Chengo aletwe hapa haraka. Macho yake ni mabaya kuliko yangu."

Beryl alicheka akilia. Tangu jana mama anamwita "Mzungu wangu", na Beryl anaitika kwa sauti kubwa, majirani wote wanageuka. La kushoto watalifanya mwezi wa saba. Amesema wakitaka wafanye hata kesho, kisu chenyewe hakina maneno.

Tunamrudisha Jumamosi ijayo, sote wanne. Nitashuka Taru mchana kweupe, pale kwenye kibanda cha mihogo, mbele ya watu. Gunia la nazi nalibeba mimi mwenyewe, begani. Beryl alitaka tulipeleke kwa mzigo wa basi, nikakataa.

Mwambie Mwalimu Chengo aje na atlasi. Mama anataka aonyeshwe hapo alipokuwa mwanawe, ili apafahamu akipaona. Na wewe uje na koti lile lile. Lina mfuko mzuri.

Ndugu yako,
Tembo
(zamani wa Italia)